Kable Ilikuwa Nzima

Ninyi munaobaki katika orkestra, mumeniomba niwaandikie mawaidha. Mawaidha sina. Nina gitaa moja, goti moja bovu, na kumbukumbu ambazo bibi yangu, yaani mke wangu, Mama Furaha, anasema zinaongezeka uzito kila nikizisimulia. Nimekubali kuandika kwa sababu mbili. Ya kwanza, mvua inanyesha tangu adhuhuri na siwezi kutoka. Hata kama isingenyesha nisingetoka. Ya pili, mumenicheka miaka mingi juu ya kable za Orkestra Ukungu, yaani zile waya zinazotoka kwenye gitaa kwenda kwenye ampli, kwamba zilikuwa mbovu kuliko za orkestra zote kuanzia hapa Ngungu mpaka mwisho wa Walikale. Nina neno la kusema juu ya kable hizo. Nitalifikia. Musinikimbize: nimepiga gitaa ya akompa maisha yangu yote, na mpiga akompa akikimbia wacheza ngoma wote wanaanguka.

Hamutasoma hapa nani alipanda cheo na nani alipata nini. Chef wetu, yaani kiongozi, alikuwa mmoja tu tangu mwanzo, Papa Sylvestre, na malipo yetu mara nyingi yalikuwa na manyoya na yaliwika alfajiri.

Nilipomaliza sekondari nilirudi nyumbani kungoja maisha yanipigie hodi, kwa sababu sikuwa na mpango wa kutoka kuyafuata. Maisha hayakupiga hodi. Mama yangu njo alinitoa, na si kwa upole. Alisikia kwamba katika salle, ule ukumbi wa parokia, kuna vijana wanatafuta mtu wa gitaa ya pili, na mimi nilikuwa nimejifunza kidogo kwa gitaa ya internat, bweni letu la shule, ile yenye nyuzi nne na matumaini ya sita. Nikaenda. Salle ilikuwa imejaa ukungu, maana madirisha hayakuwa na vioo, na ukungu wa Ngungu hauombi ruhusa. Ndani ya ule weupe niliona kwanza viatu, halafu suruali, halafu gitaa, halafu uso wa kijana mrefu aliyenizidi miaka michache tu lakini alikuwa amekwisha kuitwa Papa. Hakunisalimu sana. Aliuliza:

“Unajua kufagia?”

Nikasema ndiyo, najua. Nikatazama huku na huku, nikaona ufagio nyuma ya mlango, nikaanza. Nilifagia salle nzima, chini ya mabenchi, mpaka kwenye altare ya akiba. Hakuna aliyenizuia. Mpiga bas alinyanyua miguu nipite. Nilipomaliza nikasimama na ufagio mkononi kama askari, nikingoja kuonyeshwa gitaa, na wale watu wakawa wanatazama dari ili wasicheke. Papa Sylvestre akasema, polepole kabisa, kwamba ni vizuri, nimefagia vizuri, sasa nifagie na gitaa.

Kumbe katika orkestra ile, akompa, yaani gitaa inayoshika mwendo nyuma ya wengine, waliita kufagia, kwa sababu mkono unakwenda na kurudi juu ya nyuzi kama ufagio. Habari hiyo ilifika nyumbani kabla yangu. Mpaka leo Mama Furaha, ambaye wakati ule hata hakuwa ananifahamu, anapotaka nyumba ifagiwe ananiambia: “Papa, tupigie akompa kidogo.”

Siku ile ile Papa Sylvestre alinifundisha kitu ambacho sijapata kukiona katika kitabu. Yeye alikuwa solo, ile gitaa inayoimba juu. Akaniambia: “Solo ni mugeni. Wewe uko mwenye nyumba. Unafagia, unapanga kiti, halafu unamwachia fasi. Ukijaza nyumba na vitu yako, mugeni atakaa wapi?” Fasi, mahali tupu. Kila baada ya mistari minne niwe na fasi, nisiitie kitu, nimwachie. Mtu wa nyumba kama mimi alifurahi sana. Nilikuwa nimepata kazi ambayo mtu anaingia kwenye muziki bila kutoka nyumbani.

Sasa vyombo. Ninyi munanunua kapo, kile kibanio cha nyuzi, kule Goma, ya chuma, yenye springi. Sisi tulikata kalamu ya risasi, tukaifunga juu ya shingo ya gitaa kwa kamba ya mpira iliyotolewa katika chambre à air ya velo, tyubu ya baiskeli. Kalamu mpya inabana vizuri kuliko iliyochongwa. Mpira wa velo ni bora. Wa gari ni mnene, unaua sauti. Mimi nilichoka kuvunja kalamu, nikachonga kapo mbili kwa mti wa mkaratusi, moja yangu, moja ya Papa Sylvestre, na kwenye ya kwake nikachoma herufi ya S kwa msumari wa moto. S ilitoka kama 5. Alisema haidhuru, watu watafikiri yeye iko na ingine nne nyumbani.

Kitu kilichoniharibia maisha, ao kuyatengeneza, bado sijaamua, kilitokea njiani kwenda Mpofi. Tulikuwa tumepewa ndoa kule, na safari zetu zote upande wa Walikale zilipita mikononi mwa Mama Kahindo, Mukatoliki kutoka pande za Butembo, mwenye duka hapa sokoni na kamyo moja ya bluu. Alipakia chumvi na sabuni, na sisi juu ya chumvi na sabuni. Barabara munaijua. Kwenye tope moja refu kama misa ya Pasaka, kamyo ililala upande, taratibu, kama ng’ombe anayetaka kupumzika. Sisi tuliruka. Ampli yangu haikujua kuruka. Tuliipata kwenye mfereji, na karatasi nyeusi ya baffle, ile inayotetemeka na kutoa sauti, ilikuwa imechanika kutoka katikati mpaka ukingoni.

Nikamwangalia Mama Kahindo. Yeye alikuwa amepiga magoti anaokoa chumvi yake kwa mikono miwili. Akasema bila kuinua kichwa: “Papa, chumvi ikimwangika mi najua kuizoa. Sauti ikimwangika, muizoe benyewe.”

Mpofi tulitafuta fundi wa viatu, akabandika ule mpasuko kwa gundi na kipande cha tyubu. Tukaweka ampli juu ya meza, groupe, ile jenereta ya umeme, ikawashwa, nikafagia mara ya kwanza. Ilitoka sauti ambayo sijui niiite nini. Ilikuwa inachanika na kuimba wakati mmoja. Ilikuwa kama mvua kubwa inapoanza juu ya mabati, pale mbali upande mmoja wa kijiji, kabla haijafika kwako. Baba ya bibi arusi alikuja mbio kuuliza kama groupe inakufa. Papa Sylvestre alimwambia hapana, ni mufagiaji wetu iko na mafua. Watu walicheka, wakacheza, wakanizoea.

Lakini mwalimu mmoja wa shule ya pale, mtu mwembamba mwenye koti lililokuwa kubwa kumpita, alisimama mbele ya baffle yangu siku nzima kama mtu anayeota moto. Mwishoni alinijia, akaniambia kwa heshima: “Kaka, unajua ile kintu unapiga njo rock?”

Nilidhani ni tusi. Katika Kifaransa cha shule yetu roc ni jiwe, na nilifikiri anasema napiga kama jiwe. Nikamwomba radhi. Yeye akafungua koti, akatoa kaseti isiyokuwa na jalada, akaniazima, na ndiyo sababu ninasema yule mwalimu aliniharibia. Kwenye kaseti kulikuwa na watu nisiowajua wanalia na gitaa kama walichaniwa baffle kwa makusudi. Niliisikiliza mpaka ikakwaruzika, na ilipokwaruzika ikawa nzuri zaidi.

Tangu siku ile nilikuwa na maisha mawili. Siku za ndoa na sikukuu nilifagia, safi, kwa baffle mpya tuliyoipata baadaye. Mchana wa mvua, wakati shamba la maharagi halipandiki na bibi yangu amekwenda kwa dada yake, nilitoa ile ampli iliyochanika chini ya kitanda, nikaunganisha na batteri, nikapiga mlangoni. Kwetu ukungu unapanda kutoka bondeni kama maziwa yanayotaka kufurika, unameza kwanza mgomba wa chini, halafu njia, halafu kilima cha mbele chote, mpaka unabaki wewe na kizingiti. Nilipiga kuelekea kule ambako kilima kilikuwa. Nilipiga noti moja ndefu, inachanika, inakwenda, na nilihisi kama inatembea yenyewe ndani ya ule weupe, inagusa nyumba za watu, inageuka, inarudi imelowa. Vipande vile havikuwa na maneno. Kimoja niliita Kilima Hakipo. Kingine niliita Mbuzi ya Jirani, kwa sababu alikuja kusikiliza, na kwa heshima ya msikilizaji wa kwanza mtu anafanya hivyo.

Ni muziki wa rock wa mtu asiyependa kutoka nyumbani. Nywele ndefu sikuwa nazo. Hata fupi zilianza kuniaga.

Kuna miaka orkestra ilinyamaza na sisi tulikuwa njiani na vyombo mgongoni. Munaijua miaka hiyo ya vita, sitaiandika. Nitasema tu kwamba gitaa yangu ilikimbia ikiwa imekunjwa ndani ya godoro, na kwamba Papa Sylvestre alinibebea ampli siku mbili, ile mbovu, bila kuniuliza kwa nini siiachi. Tuliporudi aliiweka mlangoni kwangu. Alisema: “Iko nzito sawa deni ya zambi,” akaenda zake kuangalia kama paa lake bado liko.

Sasa Buleusa. Kule tulitembea kwa miguu sehemu kubwa, vyombo juu ya vichwa, na wenyeji walitupokea vizuri mno, mihogo na kuku na viti vya mbele. Katikati ya wimbo wa pili, wakati wa solo, nikafagia, nikapanga kiti, nikaacha fasi. Mgeni hakuingia. Nikafagia tena, nikaacha tena fasi. Nikageuka. Papa Sylvestre alikuwa ameinamia gitaa, anaangalia mkono wake wa kushoto. Vidole viwili vilikuwa vimejikunja kama miguu ya kuku aliyepikwa, na havikutaka kufunguka. Uso wake sitausahau. Haukuwa wa mtu mwenye maumivu. Ulikuwa wa mtu aliyekuta mlango wa nyumba yake umefungwa kutoka ndani.

Sijui neno lilitoka wapi. Nikasema kwa sauti ya kusikika: “Kable. Ni kable hii.” Nikapiga magoti mbele yake, nikachomoa kable, nikaipangusa kwa shati, nikaichomeka tena, polepole sana, kama daktari. Alinitazama. Aliniachia nifanye. Nilipotoa kable ya pili mfukoni na kuibadilisha, vidole vilikuwa vimeanza kufunguka, akaingia kwenye wimbo mahali pake. Wakati wote ule mpiga bas na ngoma hawakusimama, na ninyi hamutaamini: watu wa Buleusa walikuwa wanacheza ile fasi tupu. Walisubiri mguu juu, kisha wakashusha pamoja. Walifikiri ni mtindo mpya.

Kable ilikuwa nzima.

Tangu Buleusa, kila vidole vilipojikunja, nilisema kable. Kwenye ndoa, kwenye ordinasyo ya padri, kwenye sikukuu ya shule. Mwanzoni mara moja kwa mwaka, halafu mara moja kwa kila nyimbo nne. Nilikuwa mtu wa kwanza katika orkestra yoyote kubeba kable tano kwa gitaa mbili. Ninyi vijana mulitunga wimbo wa kutucheka, na mimi nilipiga akompa ya wimbo huo. Papa Sylvestre na mimi hatukuongea juu ya jambo hilo hata siku moja. Hata njiani, tukiwa wawili tu. Angesema nini? Ningejibu nini? Alikuwa ananiuliza tu, kabla ya kutoka: “Uko na kable?” Nami nasema: “Niko nayo.”

Halafu akaja Dada Espérance. Ni tekinisyen wa redio moja ya Masisi, binti mdogo mwenye mashine nyingi, na alikuwa amefika Ngungu kurekodi kwaya. Alikuwa anapanda njia siku ya ukungu, akanisikia kabla ya kuniona. Aliniambia baadaye kwamba alifuata ile sauti kama mtu anafuata harufu ya mahindi ya kuchoma. Akatokea kizingitini kwangu amelowa, akasikiliza Kilima Hakipo mpaka mwisho, karibu na yule mbuzi. Akasema redio inataka watu wa hapa wafanye muziki wao. Akasema: “Papa, wewe unapashwa kufanya album solo.”

Sasa munielewe. Katika kazi yetu solo si neno la kuchezea. Solo ni kiti. Kiti kile kilikuwa na mwenyewe tangu siku nilipofagia salle. Nikamwambia: “Dada, umekosea mulango. Solo iko kwa Papa Sylvestre, nyumba ya ine kuteremuka, yenye mulango ya kijani.” Nilifurahi hata, nilifikiri nimemfanyia rafiki yangu jambo jema. Yeye akafikiri namtuma kwa chef kuomba ruhusa, maana ndivyo desturi yetu ilivyo: mpiga muziki wa orkestra hapigi kitu nje bila chef kujua. Akateremka, akagonga, akasema kwa adabu yote kwamba amekuja kuomba ruhusa Papa Ansele afanye solo.

Papa Ansele ni mimi.

Kesho yake asubuhi nilikuta kwenye kizingiti kapo ya mkaratusi. Ilikuwa na S inayofanana na 5, na mpira wake ulikuwa umekunjwa vizuri, kama nguo ya mtu aliyekufa. Hapakuwa na barua. Kwetu mtu akikurudishia kitu ulichomchongea kwa mkono wako, barua ya nini tena?

Nilikaa siku kadhaa nikiangalia ile kapo. Nilimwambia Mama Furaha kwamba hakuna album, yaishe. Yeye alikuwa anachagua maharagi. Akasema maisha yote nakataa kwenda popote, sasa jambo limejileta lenyewe mpaka mlangoni, na nalifukuza pia. Nikamwambia ni kwa ajili ya rafiki. Akasema: “Rafiki yako anafikiri miaka yote ile ulikuwa unangojea kiti yake. Ukikaa hapa, umemuhakikishia. Simama, Papa. Ni nyumba ine tu. Utarudi kabla chakula ipoe.”

Nikateremka. Nyumba nne, na ukungu ulikuwa mzito, nikahesabu kwa mkono ukutani. Nilimkuta Papa Sylvestre kwenye benchi, kikapu cha maharagi mabichi mapajani, anajaribu kuyapukuchua. Anabana ganda kati ya dole gumba na kiganja, linateleza. Anaokota, linateleza. Nikakaa. Nikachukua ganda, nikapukuchua. Tulifanya hivyo muda mrefu, mimi natoa, yeye anaangalia bonde ambalo halikuonekana.

Nikamweleza. Kwamba kwa watu wa redio solo maana yake ni muntu peke yake. Si gitaa ya juu. Si kiti. Peke yake tu.

“Peke yake?” akasema. “Muntu gani anapiga muziki peke yake?”

“Mwenye ampli mbovu.”

Hakucheka. Nilimwambia tena kwamba sitapiga solo hata noti moja, kwanza siijui, na kama hataki nitamrudisha yule binti Masisi. Halafu akasema, bado anaangalia ule weupe: “Ansele, kwa Buleusa, ile siku. Kable ilikuwa na nini?”

Ndugu zangu, nilikuwa na uongo wangu mdomoni, umezoea njia. Ungetoka wenyewe. Nikaona akinitazama mara ya kwanza tangu nifike, na nikaona kwamba hataki nimfagilie.

“Ilikuwa nzima,” nikasema.

“Na ile ya pili?”

“Nzima.”

Akatingisha kichwa, akasogeza kikapu upande wangu. Hakusema piga, hakusema usipige. Nilimaliza maharagi yake yote, nikapanda nyumbani. Chakula kilikuwa kimepoa.

Tulirekodi nyumbani kwangu, alasiri tatu, maana nilimwambia Dada Espérance kwamba studio ya Goma ni nzuri lakini iko Goma. Tulisimamisha godoro lile lile la kukimbilia dhidi ya ukuta ili sauti isirukeruke, tukaweka mikro mbele ya baffle iliyochanika, na Mama Furaha akapewa kazi ya kufukuza kuku. Mvua tuliiacha isikike, Dada Espérance alisema studio ingine ingelipia mvua kama ile. Kwa ninyi mutakaorekodi siku moja: vueni saa ya mkono, inagonga. Na musile maharagi kabla ya kurekodi.

Nilipiga macho yamefungwa. Kuna wakati sikujua kama niko kwenye salle ya parokia na ufagio, ao juu ya chumvi ya Mama Kahindo, ao mlangoni na mbuzi. Mkono ulikwenda wenyewe. Siku ya tatu Dada Espérance alitoa kaske masikioni, akasema kuna tatizo. Kila kipande, baada ya mistari minne, nasimama. Sauti inabaki inachanika yenyewe, halafu mvua tu, halafu narudi. Akauliza nani ataingia pale. Nilisikiliza, nikaona ni kweli. Sikuwa nimekusudia. Nilikuwa nimeacha fasi. Miaka yote ile, hata peke yangu, hata katika rock, nilikuwa nafagia na kupanga kiti.

Akasema tunaweza kujaza na kinanda cha mashine, ni dakika mbili. Alikuwa amekwisha kuinua kidole, wakati mlango ulipotiwa giza. Papa Sylvestre alikuwa amesimama pale, viatu vimepigwa rangi, kofia ya Jumapili mkononi. Sijui alikuwa kwenye veranda tangu lini. Mama Furaha alijua. Alikuwa amempa kiti na kumnyamazia.

Aliomba asikilize. Yule binti akamvisha kaske, taratibu, kama anamvika taji mtu ambaye hajazoea. Alisikiliza kipande cha kwanza chote, wamesimama wote wawili. Nilikuwa naangalia mkono wake wa kushoto. Ulikuwa umening’inia kando ya suruali, na kila ilipofika ile fasi, vidole vile vilivyokunjika vilitikisika, kidogo sana, pale pale mahali pake, kama majani wakati ndege ametoka. Vilijua kila noti. Mimi pia niliisikia ile solo, musinicheke.

Alivua kaske. Akamwambia Dada Espérance: “Hapa musijaze kitu. Hapa njo mi niko.”

Halafu akanyoosha kiganja kwangu. Nikaenda kwenye rafu, nikachukua kapo yake ya mkaratusi, nikamrudishia. Aliitia mfukoni mwa shati, upande wa moyo, akauliza kama kuna chai.

Tulikunywa chai. Dada Espérance alifungua mashine kuandika jalada, akauliza album inaitwa nini. Nilikuwa na majina mazuri ya ukungu na vilima. Papa Sylvestre aliyakata yote. Alisema iitwe Kable Ilikuwa Nzima. Nilimwangalia. Nilimkumbusha kwamba watu watauliza maana yake, na vijana wa orkestra wataelewa. Akasema: “Waambie wewe mwenyewe. Uko na secondaire.” Basi hii njo barua yenyewe, na ameisoma kabla yenu.

Wiki ile ile tuliaga orkestra, yeye na mimi, siku moja. Gitaa ya pili ni yenu sasa. Kable zote tano zinaning’inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa salle, karibu na ufagio. Zijaribuni, hazina ugonjwa wowote. Na atakayekaa kwenye akompa, akiona siku moja solo hakuingia, asigeuke haraka. Apige magoti kwanza.

Jalada mutaliona. Dada Espérance aliandika jina langu juu, halafu akauliza wengine waliopiga ni nani. Nikamwambia aandike: solo, Papa Sylvestre. Aliniangalia, akamwangalia yeye, akarudi kwangu.

“Lakini Papa,” akasema kwa sauti ya chini, “yeye hakupiga hata noti.”

“Sikiliza tena,” nikamwambia.

Akavaa kaske.